Shamba la bibi lenye magurudumu: kwa nini kumwibia mkubwa hakuonekani kuwa wizi

Mwulize mtu yeyote kama wizi ni mbaya, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Mwongezee sasa maswali mawili. Kijana kachomoa mkate kwenye duka la Mangi pale kona, duka ambalo Mangi mwenyewe hulala nyuma ya rafu na daftari la madeni chini ya mto. Kijana yuleyule, siku nyingine, kachomoa mkate uleule kwenye supamaketi yenye matawi nchi nzima. Mkate mmoja, bei moja, mkono mmoja. Lakini sikiliza sauti ya anayekujibu. Kwa Mangi atakunja uso: "Huyo hana utu." Kwa supamaketi atavuta pumzi kwanza, kisha utasikia, "Aa, wale nao wanapata sana."

Swali la tatu kwetu bado ni geni, ila katika baadhi ya miji ya Marekani na Uingereza limeshazoeleka. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kinapita kisanduku cheupe chenye magurudumu sita. Kimebeba chakula cha mtu, hakina dereva wala mlinzi. Mtu akikivunja kifuniko na kuondoka na pizza, kamwibia nani?

Nimeona watu wazima, waadilifu, wale wanaorudi dukani kurudisha chenji iliyozidi, wakicheka video za roboti zinazoporwa. Siwaoni kuwa watu wabaya. Kicheko chao ni fundo, na ndani yake yamesokotwa maswali manne tofauti: tunajisikiaje, kinaibwa kiasi gani hasa, nani anaumia, na sheria inasemaje. Tabu inaanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja akalitumia kujibu jingine.

Mkubwa hana uso

Hisia hii ina umri mkubwa kuliko roboti. Mwaka 1956 mwanasosholojia wa Marekani, Erwin Smigel, alichapisha utafiti alioufanya mjini Bloomington, jimbo la Indiana. Aliwauliza watu wazima 212 wanaonaje kuiba kutoka kwa pande tatu: biashara ndogo, kampuni kubwa na serikali. Wengi waliulaani wizi wowote ule. Ila alipowabana, tuseme shida imekufikisha mahali lazima uibe, ungemwibia nani, majibu yakajipanga. Waliochagua kampuni kubwa walikuwa wengi zaidi, serikali ikafuata, biashara ndogo ikabaki mkiani. Sababu zao ungeweza kuzisikia leo kijiweni Kariakoo. Mwenye duka dogo ni mtu kama mimi, nitamuumiza. Kampuni kubwa inazo, haitahisi, na yenyewe inatunyonya.

Sisi tumeliwekea jambo hili jina: shamba la bibi. Mali kubwa, mwenyewe hayuko karibu, kila mjukuu anaingia na kikapu chake. Na tazama jinsi Kiswahili kinavyopima uzito wa kosa. Anayemwibia jirani ni mwizi, neno ambalo likipigiwa kelele sokoni linaweza kumfikisha mtu kwenye tairi na petroli. Anayechukua nyama chungu kikiwa bado jikoni anadokoa. Mfanyakazi aliyechota fedha za ofisi "amepiga". Anayejikatia kidogo kidogo kazini "anajiongeza", na mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kadiri mwenye mali anavyokaa mbali, ndivyo neno linavyozidi kuwa jepesi.

Mwaka 1957, Gresham Sykes na David Matza walieleza kinachopita kichwani mwa mtu kabla hajanyoosha mkono. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba vijana wahalifu wana maadili yao ya kinyume, kwamba kwao wizi ndio wema. Wao wakaona tofauti: vijana wale wanajua wizi ni mbaya, wanamheshimu mtu mwaminifu, na wakikamatwa wengi huona aibu ya kweli. Wanachofanya ni kujipa ruhusa ya muda. Walitaja njia tano za kujiruhusu, nami naziweka kwa maneno ya mtaani kwetu: si mimi, ni shida; hakuna aliyeumia; wamejitakia wenyewe; nyinyi mnaonihukumu ndio wezi wakubwa; nafanya kwa ajili ya watoto wangu. Maneno haya tumezoea kuyasikia kama utetezi wa aliyekamatwa. Sykes na Matza walionyesha kwamba huja mapema zaidi, kabla ya kitendo, na ndiyo yanayofungua mlango.

Yajaribu mbele ya Mangi. "Hakuna aliyeumia," na Mangi amesimama pale na kandambili zake, anakutazama. Halikai. Mbele ya supamaketi yanakaa vizuri zaidi. Mbele ya kisanduku cha magurudumu yanakaa yote matano, bila hata kusukumwa.

Walipomwondoa keshia

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kampuni nyingi zinazolia juu ya wizi hazipendi kupakumbuka. Uso wa mtu ulikuwa kufuli. Keshia aliyekaa pale na kikombe chake cha chai kando alilinda duka hata alipokuwa anapiga miayo, kwa kuwa kudanganya kulimaanisha kumdanganya yeye, jicho kwa jicho. Kisha kampuni zikapiga hesabu ya mishahara, zikamwondoa, zikaweka mashine ambazo mteja anaskani mwenyewe, anapima mwenyewe na kujilipia mwenyewe.

Kilichofuata kimepimwa. Adrian Beck na Matt Hopkins wa Chuo Kikuu cha Leicester walichunguza maduka makubwa ya Uingereza yaliyoruhusu wateja kuskani wenyewe, na mwaka 2016 walieleza kuwa katika safari za manunuzi milioni 1 zilizokaguliwa, zenye bidhaa milioni 6, karibu bidhaa 850,000 hazikuwa zimeskaniwa. Nyingine ni makosa ya kawaida: msimbo umekunjamana, mtoto analia, mashine imegoma. Lakini hapo ndipo penye ujanja wa mashine hizi. Zinampa mtu mwaminifu kisingizio kilichokwisha kutengenezwa: "Niliona kama imelia."

Mtaalamu wa uhalifu Emmeline Taylor amewaandika watu wa namna hii kwa miaka, wateja ambao hawajawahi kujiona wezi. Wana kazi, wana familia, wanalipa kodi ya nyumba. Mtu huyu anaweka parachichi kwenye mizani, kidole kinaelea juu ya skrini, kisha kinagusa picha ya karoti. Bei inashuka. Analipa, anachukua risiti, anaondoka bila kukimbia. Mwambie ameiba, atakasirika kwa dhati. Kichwani mwake yeye amelipa, tena amefanya kazi ya keshia bure, hiyo tofauti ni ujira wake.

Siwezi kusema hana hata chembe ya hoja. Kampuni imemhamishia kazi bila kumpunguzia bei. Ila hoja hiyo ingemtosha kuandika malalamiko, au kuhamia duka lenye keshia. Mwaka 2023 Booths, supamaketi ya kaskazini mwa Uingereza, iliziondoa mashine hizo karibu katika maduka yake yote, ikisema wateja wake hawazipendi na kwamba inataka wahudumiwe na watu. Ni duka dogo ukililinganisha na majitu ya nchi ile, lakini lilithubutu kurudisha uso mlangoni.

Sanduku lenye macho

Roboti za mitaani ni hatua inayofuata kwenye njia hiyohiyo. Kampuni inayojulikana zaidi, Starship Technologies, ilianzishwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, ambao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Skype. Mwaka 2018 roboti zake zilianza huduma ya kawaida mjini Milton Keynes, Uingereza. Januari 2019 zikaingia Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia. Kufikia 2025 kampuni ilikuwa imehesabu safari zaidi ya milioni 8. Roboti moja ina uzito wa takriban kilo 35, inakwenda mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia, na kifuniko chake hufunguka kwa simu ya mteja aliyeagiza. Ina kamera pande zote na king'ora kinacholia ukiinyanyua.

Ajabu ni kwamba watu hawazichukii. Huko Berkeley, California, Desemba 2018, roboti moja ya kampuni ya Kiwi ilishika moto kwa hitilafu ya betri, na wanafunzi wakawasha mishumaa mahali ilipoungulia. Kwa upande mwingine kuna hitchBOT, roboti ya watafiti wa Kanada iliyokuwa inasafiri kwa kuomba lifti. Mwaka 2014 ilivuka Kanada nzima kwa hisani ya madereva. Agosti 2015, wiki mbili tu baada ya kuanza safari ya Marekani, ilikutwa Philadelphia imeng'olewa mikono na kichwa. Haikuwa imebeba kitu cha kuiba.

Nikiyaweka matukio haya mawili pamoja naona kwamba roboti ni kioo. Anayeona ndani yake kiumbe kidogo kilichopotea atakisaidia kuvuka barabara. Anayeona kampuni iliyomnyima kazi, au iliyopora njia yake ya miguu, atakipiga teke. Na malalamiko ya njia si ya kubuni. Desemba 2017 jiji la San Francisco liliwekea roboti hizi masharti makali na kubana idadi yake, baada ya wakazi kuuliza kwa nini njia iliyojengwa kwa ajili ya wazee, watoto na watu wenye viti vya magurudumu igeuzwe barabara ya biashara ya mtu. Ni swali ambalo mmachinga wa Dar es Salaam aliyehamishwa kandokando ya barabara angelielewa mara moja.

Kampuni zenyewe zimeshajua nguvu ya uso. Serve Robotics ya Marekani, iliyozaliwa ndani ya Postmates, kampuni ya kupeleka vyakula iliyonunuliwa na Uber, na kujitenga mwaka 2021, huzipa roboti zake macho mawili ya duara na majina ya watu. Mtu akitazamwa husita. Kilichoondolewa kwenye kaunta kama gharama kimerudishwa kwenye sanduku kama mapambo.

Ila macho yale hayaoneshi tu, yanaona. Mwaka 2023 iliripotiwa kuwa Serve ilikabidhi polisi wa Los Angeles picha za video zilizochukuliwa na roboti ambayo watu wawili walijaribu kuiiba, na hao wawili wakatiwa hatiani. Kwa hiyo anayedhani kisanduku kile hakina mwenyewe amekosea. Na wewe unayepita zako tu kwenda kununua maziwa umeingia kwenye picha hizo pia, bila kuulizwa. Wasiwasi huo ni halali kabisa, na mimi ninao, lakini pizza ya mtu mwingine haiwezi kuwa fidia yake.

Tena nyuma ya roboti mara nyingi yuko mtu. Mwaka 2019 gazeti la San Francisco Chronicle liliandika kwamba roboti za Kiwi pale Berkeley zilikuwa zikiongozwa kwa sehemu na vijana waliokaa mbele ya kompyuta nchini Kolombia, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Roboti ikinyanyuliwa na kupakiwa kwenye gari, anayeliona giza likiingia kwenye skrini ni kijana huyo. Uso haukuondoka. Umepelekwa mbali tu, mahali pa bei rahisi.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa mashine inayobeba mzigo bila dereva, na unafundisha kitu. Tangu Oktoba 2016 ndege za Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu kwenye hospitali za Rwanda, mwanzoni kutoka kituo cha Muhanga, na kifurushi hudondoshwa kwa parachuti ndogo. Hiyo nayo ni kampuni ya Kimarekani, yenye wawekezaji na faida zake. Lakini anayekiona kifurushi kile kikishuka haoni wawekezaji. Anaona mama aliyemwaga damu leba. Mwenye mzigo akijulikana, maneno matano ya Sykes na Matza hayapati pa kushika.

Hesabu zinazotiwa chumvi

Upande wa kampuni nao una ya kujibu. Aprili 2023 chama cha wauzaji wa rejareja cha Marekani, NRF, kilitoa ripoti iliyosema karibu nusu ya upotevu wa bidhaa wa dola bilioni 94.5 mwaka 2021 ulisababishwa na magenge ya wezi. Wanasiasa waliinukuu, televisheni zikaonyesha vijana wakibeba mafurushi. Desemba mwaka huohuo NRF ikalifuta dai hilo, kwa sababu halikuwa na msingi. "Upotevu" katika hesabu za duka ni kapu moja: humo mna wizi wa wateja, wizi wa wafanyakazi, bidhaa zilizovunjika, na karatasi zilizokosewa. Januari 2023 mkuu wa fedha wa Walgreens, kampuni ya maduka ya dawa ya Marekani, James Kehoe, alikuwa ameshakiri mbele ya wawekezaji kwamba huenda walilia kupita kiasi juu ya wizi mwaka uliotangulia.

Mtu anayesoma haya anaweza kuruka hadi upande wa pili na kusema basi wizi wenyewe ni hadithi. Sivyo. Uingereza na Wales polisi waliandikisha matukio zaidi ya 516,000 ya wizi wa madukani mwaka 2024, mengi kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu utaratibu wa sasa wa kuhesabu uanze. Chama cha wauzaji cha huko, BRC, kilikadiria matukio milioni 20.4 katika mwaka wake wa 2023/24, yenye hasara ya pauni bilioni 2.2. Pengo kati ya laki tano na milioni 20 ni kubwa mno. Sehemu yake ni maduka yaliyochoka kupiga simu polisi. Katika ripoti hiyohiyo kuna namba inayonikaa kooni kuliko hizo za fedha: matukio zaidi ya 2,000 kila siku ya wafanyakazi wa madukani kutukanwa, kutishwa au kupigwa.

Na anayesema "hata wao ni wezi" hazungumzi hewani. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Economic Policy Institute ilikadiria kuwa waajiri Marekani huwapunja wafanyakazi zaidi ya dola bilioni 15 kwa mwaka kwa kuwalipa chini ya kima cha chini cha kisheria. Hakuna king'ora kinacholia mshahara unapopunjwa. Hasira hiyo naielewa, na naiona ni ya haki. Ninachokataa ni kudhani kwamba wembe wa dukani ulioingia mfukoni kwangu bila kulipiwa unamrudishia yule mfanyakazi senti yake.

Njaa ni kesi nyingine

Kuna fundo moja ambalo nisipolifungua nitakuwa nimemdhulumu mtu. Mara nyingi tunapotetea wizi wa madukani tunamtaja mwenye njaa, halafu utetezi huo tunaugawa kwa kila mtu, mpaka yule wa parachichi na karoti.

Mwaka 2011 mjini Genoa, Italia, mtu asiye na makazi alikamatwa na jibini na soseji za euro 4.07. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya rufaa ikaifuta hukumu: aliyechukua chakula kidogo kwa haja ya haraka na isiyoepukika hakutenda jinai. Wasomaji wa mwambao hawatashangaa, maana wanalijua simulizi la Khalifa Umar ibn al-Khattab kusimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa njaa, zaidi ya karne 13 kabla ya majaji wa Italia.

Angalia kilichotazamwa pote pawili: hali ya mchukuaji. Ukubwa wa aliyechukuliwa haukutajwa. Mwenye njaa angesamehewa hata kwa Mangi, na Mangi wengi ninaowajua wangempa mkate kabla hajaiba. Huruma kwa mwenye njaa ni jambo moja. Dharau kwa mwenye mali kubwa ni jingine kabisa, ingawa siku hizi huvaa kanzu moja.

Sheria haioni wanachoona watu

Sheria imepita njia zake. Huko California, kura ya maoni ya mwaka 2014 iliweka kiwango cha dola 950: wizi wa chini ya hapo ukawa kwa kawaida kosa dogo. Mitaani likaenea neno kwamba chini ya 950 ni ruksa. Haikuwa ruksa hata siku moja. Kifungo cha hadi miezi sita kilikuwepo. Mwaka 2024 wapiga kura walirudi, na takriban asilimia 68 wakapitisha adhabu kali zaidi kwa wanaorudia. Ni wananchi walewale ambao ukiwauliza kuhusu kampuni kubwa watakuambia zinanyonya. Katika moyo mmoja yamekaa yote mawili.

Kwa roboti mambo yanapendeza zaidi kisheria. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1968, wizi unageuka kuwa unyang'anyi pale nguvu au vitisho vinapoelekezwa kwa mtu. Roboti si mtu, kwa hiyo ukiivunja na kuchukua chakula umeiba na umeharibu mali, hukunyang'anya. Lakini fungua sheria ya adhabu ya Kenya, kifungu cha 295, au ile ya Tanzania, kifungu cha 285: maneno yake yanataja nguvu dhidi ya mtu au mali. Kwa maneno hayo, kuvunja sanduku ili kupata kilichomo kunaweza kusomwa kama unyang'anyi, kosa ambalo Kenya lina kifungo cha hadi miaka 14, kabla hata hatujafika kwenye kuwa na silaha au mwenzako. Sheria za enzi ya ukoloni, zilizoandikwa kabla ya kompyuta, zingeweza kumbana mwizi wa roboti kuliko sheria ya London.

Tena sheria ya Kenya inampa mwizi wa kawaida hadi miaka 3, lakini karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake hadi miaka 7. Umma unatazama ukubwa wa mwenye mali. Sheria inatazama uaminifu uliovunjwa.

Wanaolipa

Mdogo wangu wa kike aliwahi kuwa keshia katika supamaketi moja Dar es Salaam. Duka lilifungwa saa 3 usiku, na mwisho wa mwezi walibaki mpaka saa 6 kuhesabu bidhaa rafu kwa rafu, viatu wamevua, mmoja anataja, mmoja anaandika. Mwezi mmoja makopo mawili ya maziwa ya watoto hayakuonekana. Kila kopo shilingi 43,500. Msimamizi hakupiga kelele wala hakuita polisi. Alichukua kalamu, akagawa 87,000 kwa watu sita wa zamu ile, akaandika 14,500 mbele ya kila jina.

Nilimwambia, nikidhani namfariji, "Pole, lakini hiyo kampuni kubwa, makopo mawili kitu gani?"

Akaniambia, "Kaka, kampuni haijaibiwa. Tumeibiwa sisi sita."

Sijalisahau. Kampuni kubwa ina namna nyingi za kusukuma hasara hadi imfikie asiyeweza kuisukuma zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa walioliwa hawakuwa hata jamaa zake. Supamaketi za vyakula huishi kwa faida nyembamba. Tuseme ni shilingi 2 katika kila 100 ya mauzo: bidhaa iliyoligharimu duka shilingi 2,000 ikiibwa, duka linahitaji kuuza bidhaa za shilingi 100,000 ili kurudi lilipokuwa. Likishindwa linapandisha bei, linapunguza zamu, au linafunga tawi. Na tawi linalofungwa mara nyingi ni la mtaa maskini, ambako bibi mwenye miguu mibovu alikuwa akifuata dawa zake. Huko Marekani maduka ya dawa yaliamua kufungia sabuni na dawa ya meno kwenye kabati za vioo, mteja abonyeze kengele asubiri. Mwanzoni mwa 2025 mkuu wa Walgreens, Tim Wentworth, alikiri kwamba ukivifungia vitu, unaviuza kidogo.

Jitu likianguka kwa sababu nyingine pia, wanaokandamizwa chini yake ni walewale. Supamaketi ya Nakumatt ya Kenya haikuuawa na wadokozi. Iliuawa na madeni, zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Waliobaki na ankara mikononi walikuwamo wauza mboga na mikate, watu wa aina ya Mangi kabisa.

Kwa roboti mnyororo huo bado unasukwa. Leo, chakula kikiibwa, mteja hurudishiwa fedha zake na kampuni hubeba hasara ili ijijengee jina, na hilo kwa kweli ni nafuu kuliko bodaboda wa Nairobi anayeporwa gizani, akarudi na jeraha kichwani. Kisanduku hakitoki damu. Mwanzoni mashine za kujilipia nazo hazikumuumiza yeyote.

Mdogo wangu aliacha kazi ile, sasa ana genge lake Mbagala. Ana nyanya, vitunguu, mafuta ya kupima, na daftari. Jioni moja nilikaa naye, mtoto wa jirani akaja, akanyakua ndizi moja kwenye kichane, akaanza kutimua mbio. Mdogo wangu hakunyanyuka. Alimwita kwa jina. Mtoto akasimama katikati ya njia, ndizi mkononi, akageuka.